Mteja Ananunua Kazi, Hanunui Babu: Maswali Yenu Kuhusu Maadili ya Kutafuta Nasaba

Tangu tuanze kuandika mambo ya kutafuta nasaba kwenye jarida hili barua zimekuja nyingi, na safari hii nimeona zimebadilika. Wengi hamuulizi tena nitampata wapi babu yangu, mnauliza nikishampata nimwambie nani, nani asijue, na huyu anaenilipa ana haki gani juu ya ninachokiandika. Nimefurahi sana manake hayo ndo maswali yenyewe. Kutengeneza shajara, yaani mti wa nasaba, kwa malipo sasa imekuwa kazi ya watu, wako Unguja, Mombasa, Tanga, Lamu, wengine wanawafanyia ndugu walioko Muscat na Birmingham, na wengi wao wanaifanya bila kanuni yoyote iliyoandikwa. Wamarekani wanayo Board for Certification of Genealogists tangu 1964 na Association of Professional Genealogists tangu 1979, zote zina kanuni za maadili, zinataka usimuahidi mtu majibu, mkubaliane malipo kwa maandishi, ulinde siri za walio hai, usijifanye kazi ya mwenzio ni yako. Ni kanuni nzuri na nitazitumia, ila pwani yetu na bara letu lina mambo ambayo kanuni zile hazikuyafikiria, na hayo ndo mmeniuliza zaidi.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi nawatengenezea watu shajara kwa malipo, nilianza na ndugu zangu mpaka sasa napata wateja wa nje. Nina mteja yuko Muscat, kwao waliondoka Unguja baada ya mapinduzi ya 1964, anataka ripoti inayosema babu wa babu yake alikuwa mtoto wa mtu fulani wa kabila moja kubwa la Oman, ni kwa ajili ya karatasi zake za huko. Nimetafuta, nimefika mpaka kwa huyo babu wa babu, juu ya hapo sina kitu. Yeye anasema ukoo mzima wanajua, we andika tu, nakuongezea hela mara mbili. Na adivansi yake nimeshaitumia. Nifanyeje?
Kijana wa Chumbageni, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiandike. Najua adivansi imeshaisha na mtu anakupigia simu kila siku lakini usiandike, na nataka ujue kwa nini, sio unikubalie tu kwa kuwa nimekuzidi umri.

Mteja ananunua kazi, hanunui babu. Alichokulipa ni siku zako za kukaa kwenye nyaraka, nauli ya boti, macho yako ya kusoma mwandiko wa kadhi wa miaka mia iliyopita na akili yako ya kulinganisha karatasi hii na ile. Jibu likija zuri ni lake, likija baya ni lake pia, na lisipokuja kabisa bado kazi umeifanya na hela ni halali yako. Siku utakayokubali kulipwa kwa ajili ya jibu, shajara zote ulizowahi kutengeneza zimeharibika, hata zile za kweli, manake nani atajua ni ipi uliyolipwa mara mbili?

Kuna mtu watafiti wa Marekani hawajamsahau mpaka leo, Gustave Anjou, mzaliwa wa Sweden aliehamia kule mwishoni mwa karne ya 19 akawa anawauzia matajiri nasaba za kufika kwa wakubwa wa Ulaya. Huyu hakuwa anatunga kila kitu. Alikuwa anachukua wosia wa kweli, daftari la kanisa la kweli, majina ya watu walioishi kweli, alafu katikati anachomeka kiungo kimoja cha kutunga, na kiungo hicho ndo kilimvusha mteja kutoka kwa mkulima wa kawaida mpaka kwa bwana mkubwa. Alikufa 1942 na bado watu wanapeana orodha ya koo alizozigusa ili mtu akizikuta aanze upya. Sasa angalia unachoombwa. Ripoti yako yote ni ya kweli, anataka kiungo kimoja tu.

Ila usitupe maneno ya ukoo. Kwetu nasaba ya mdomo ina uzito wake, mtu anakusomea fulani bin fulani bin fulani bila kukwama na mara nyingi karatasi zinakuja kumthibitisha. Unachotakiwa ni kuiandika kama ilivyo: ndugu fulani, kwa tarehe fulani, kasema hivi, nae kasikia kwa nani. Chini yake unaandika, nimetafuta kwenye nyaraka hizi na hizi, sijaona karatasi inayounganisha. Huo ni ushahidi halali na msomaji atapima mwenyewe. Kuigeuza kauli ya ndugu ikasomeka kama vile umeikuta kwenye daftari, hapo ndo unakuwa umedanganya, na ukizingatia karatasi inapelekwa serikalini na sahihi iliyoko chini ni yako, siku ikichunguzwa anaetafutwa ni wewe.

Na kuna jambo unalijua ila mteja wako pengine halijui. Pwani nzima watu walichukua jina la kabila la mwenyeji wao au bwana wao, mtumwa alieachwa huru, mfuasi, hata mtu aliekaa nyumba moja nao miaka mingi. Kwa hiyo ukikuta nisba ile ile, yaani jina la kabila, kwenye daftari la zamani hujakuta damu, umekuta uhusiano, na uhusiano wenyewe unataka uchunguzi. Huenda ukoo wake wanasema kwa nia safi kabisa na bado ikawa sio.

Kuhusu adivansi, kaa chini uandike hesabu, umekwenda wapi, umesoma nini, umetumia siku ngapi na shilingi ngapi. Kama kazi imeifikia hela basi hudaiwi, kama haijaifikia rudisha iliyobaki hata kwa awamu. Na kuanzia mteja anaefuata andikeni kabla hujapanda boti: swali analotaka lijibiwe ni lipi, utatafuta wapi, kwa bei gani, na sentensi moja iliyo wazi kwamba malipo ni ya utafiti, majibu hayaahidiwi.

SWALI: Mwalimu asalaam alaykum. Nimepewa kazi na vijana wa familia moja hapa Ng'ambo, niwatafutie historia ya bibi yao. Nikakuta kwenye nyaraka za Kilimani, zile za taifa hapa Zanzibar, mama wa bibi ameandikwa miongoni mwa walioachwa huru mahakamani baada ya 1897. Mzee wa familia kasikia, kaniita pembeni kwa upole kabisa kaniambia mwanangu hiyo karatasi iache ilipo, sisi ni waungwana. Vijana ndo walionilipa. Nimsikilize nani?
Msomaji, Unguja

JIBU: Waalaykum salaam. Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko zote, kwa sababu mzee huyo hakutukani wala hakuhongi, anaomba. Na anachokiogopa kipo. Mpaka leo kuna posa zinavunjika kwa neno moja la nasaba, kuna watu wanatupiwa neno msikitini au harusini kwa jambo la mama wa bibi yao. Mtafiti anaesema ukweli ni ukweli alafu anaondoka na bahasha yake hajaelewa anaacha nini nyuma.

Pamoja na hayo, vijana waliuliza na wana haki ya kujibiwa. Huwezi kuwapa shajara yenye tundu ulilolichimba mwenyewe. Ukikata karatasi hiyo kwenye ripoti umewauzia bibi mwingine, na tofauti yako na yule mteja wa Muscat inakuwa ndogo sana.

Kabla hujasema chochote hakikisha umeisoma vizuri. Amri ya Zanzibar ya kuondoa utumwa ya tarehe 6 Aprili 1897 haikuwafungulia watu wote mlango siku moja, ilimtaka mtu aende mwenyewe mahakamani aombe uhuru wake, na bwana akalipwa fidia. Kwa hiyo kilichoandikwa pale kimepita kwa karani, mbele ya bwana mwenye hamu ya fidia, na kwa mtu ambae huenda alijitaja kwa jina na kabila alilolitaka yeye siku hiyo. Ni ushahidi mzuri lakini ni wa watu wenye haja zao. Alafu jiulize huyo mama alikuwa nani kwenye nyumba ile. Masuria waliachwa nje ya amri ya 1897 mpaka sheria ya 1909, na kwa sheria ya Kiislamu mtoto ambae suria amemzalia bwana wake ni muungwana na nasaba yake ni ya baba, hilo halina ubishi. Sayyida Salme binti wa Sayyid Said, sultani wa Zanzibar, alizaliwa na suria wa Kisirkasi na akaliandika mwenyewe waziwazi kwenye kumbukumbu zake zilizotoka 1886, na Sayyid Barghash alietawala kuanzia 1870 mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Mtu akisema uungwana unavunjika kwa sababu bibi alikuwa mtumwa, basi avunje na wa jumba la sultani.

Tena uangalie usije ukaangukia upande wa pili, wa kuona utumwa kila mahali. Mtu kuitwa Feruzi au Mabruki, majina waliyopewa watumwa wengi, hakutoshi. Watafiti wengine wakiona majina hayo tu wanaandika moja kwa moja alikuwa mtumwa, hiyo ni dhambi ile ile ya Anjou ila imegeuzwa.

Sasa nenda hivi. Rudi kwa mzee kwanza, peke yako, mwambie kwa heshima kwamba huwezi kuificha kwa waliokutuma lakini hutaipeleka kwa mtu mwingine yeyote. Muulize yeye anajua nini. Wazee wanaosema iache mara nyingi ndo wanaolijua jambo lote, jina la shamba, jina la bwana, bibi alitoka wapi na alikuwa mtu wa namna gani, na hayo hayamo kwenye daftari. Akikubali kusema, vijana watapata bibi mzima badala ya mstari mmoja wa karani. Akikataa, ni haki yake, usimsukume. Baada ya hapo kaa na vijana ana kwa ana, sio kwa ujumbe wa simu, waeleze, waonyeshe, wape nafasi ya kuuliza. Mambo ya kuitangaza kwa ukoo mzima ni uamuzi wao sio wako. Na ripoti hiyo usiitumie kama sampuli ya kazi yako kwa mteja mwingine hata ukifuta majina, Ng'ambo ni ndogo watu watajua.

Mi siku hizi sianzi kazi yoyote ya pwani bila kumuuliza mteja: nikikuta utumwa, nikikuta mtoto wa nje, nikikuta mtu kafungwa, unataka nikwambieje na nani awepo? Jibu naliandika kwenye makubaliano. Na yanayohusu utumwa namwambia yanaweza kutoka upande wowote, Zanzibar, pwani ya Kenya ambako uliondolewa 1907, Tanganyika ambako ulidumu kisheria mpaka 1922, na madaftari ya ubatizo ya misheni kama Bagamoyo ilioanza 1868 na Freretown kule Mombasa. Yule anaesema kwetu haiwezekani namwambia basi bora tusianze.

SWALI: Marehemu baba yangu mdogo aliacha shajara ya ukoo kaiandika kwa mkono kwa herufi za Kiarabu. Kuna mtafiti alikuja nyumbani, tukamkirimu, akaomba kuipiga picha kwa ajili ya kusoma tu. Sasa naiona kwenye intaneti yote, na jina lake mtafiti liko juu kabisa. Ana haki?
Msomaji, Lamu

JIBU: Hana. Mlimpa ruhusa ya kusoma, hakupewa ya kuchapisha. Na kuweka jina lake juu ya kazi ya mzee aliekaa miaka akiulizia, akiandika na kusahihisha, hilo ni jambo baya kuliko hata la kwanza. Mwandikieni kwa utulivu, aitoe au aweke jina la marehemu na maneno ya ruhusa ya familia, na akigoma waandikieni wenye tovuti. Kisha pigeni picha nzuri zenu wenyewe mzihifadhi sehemu mbili, na asili yake mkihisi nyumbani haiko salama kuna nyaraka na makumbusho zinazopokea vitu vya namna hiyo kwa masharti ambayo familia inaweza kuyaandika, nani aone na lini.

Watafiti mnaosoma hapa, picha ya simu inachukua sekunde moja ndo maana tunasahau kuuliza swali la pili. Ulizeni yote mawili, naweza kupiga, na naweza kuonyesha nani.

SWALI: Habari anti. Niko Toronto, nilipima mate yale ya kutafuta asili, nilitaka tu kujua mambo ya Ngazija upande wa bibi. Imekuja kunitokea dada, yuko Dar, programu inasema tunashea asilimia 24 ya vinasaba, inaandika huenda ni ndugu wa upande mmoja. Baba yangu yupo hai na mama hajui kitu. Nataka kuweka skrinishoti kwenye grupu la familia niulize huyu ni nani. Binamu yangu anaejua mambo ya nasaba kasema weka tu. Unasemaje?
Dada wa Toronto

JIBU: Usiweke mdogo wangu. Nakuomba uifunge hiyo simu kwanza.

Asilimia 24 ni ndugu wa baba mmoja au mama mmoja, sawa, lakini robo hiyo hiyo anakuwa nayo shangazi, mjomba, baba mdogo, bibi na babu. Programu inakisia. Na kwetu kuna jambo ambalo programu zile hazikutengenezwa kwa ajili yake, koo zetu za pwani na visiwani mtoto wa ami anaoa binti wa ami vizazi kwa vizazi, damu inajirudia na namba zinapanda kuliko uhusiano wenyewe. Huyo dada anaweza kuwa mtoto wa baba yako. Anaweza kuwa binti wa babu yako, shangazi ambae hakuna alieambiwa. Ukiweka skrinishoti leo umemtuhumu baba mbele ya mama, wakwe na watoto, na kesho ikionekana ni babu aliekwisha fariki utaifutaje?

Hata kama ni baba kweli, siri hiyo sio yako peke yako. Ni ya baba, ya mama, na kuliko wote ni ya huyo msichana wa Dar ambae huenda amelelewa na baba mwingine anaempenda na hajui kitu. Mama ana haki yake, nakubali, ila sio ya kujulishwa kwenye grupu lenye watu arobaini.

Anza na huyo dada wa Dar. Ujumbe mfupi: nimeona tumefanana kwenye majibu, mimi nilikuwa natafuta asili ya bibi yangu, kama ungependa tuzungumze niko tayari, kama hupendi sawa pia. Usimtajie baba yako wala usimtumie picha yake. Akijibu, muulize umri wake, na yeye alikuwa anatafuta nini. Kisha zungumza na baba peke yake, na sio siku ya sherehe. Watafiti wa kulipwa wanaofanya kazi hizi vizuri hawatoi jina la mtu alie hai kwa mtu wa pili mpaka wa kwanza akubali, na binamu yako angepaswa kukwambia hivo.

Kingine, damu yako imebeba watu ambao hawakutia sahihi popote. Mwaka 2018 polisi wa California walimkamata mtu kwa mauaji ya miaka ya 1970 na 1980 kupitia ndugu wa mbali waliopandisha vinasaba vyao GEDmatch, tovuti ya kulinganisha vinasaba, kwa ajili ya kutafuta mababu, na hata ukifurahi kwamba muuaji kapatikana, wale ndugu hakuna aliewauliza. Wenye GEDmatch waligeuza utaratibu 2019 mtu akubali kwanza. Kisha 2023 wezi wa mtandaoni waliingia kwenye akaunti kama 14,000 za 23andMe, kampuni ya kupima vinasaba kwa mate, kwa paswedi zilizokuwa zimeshavuja kwingine, na kwa kuwa zile akaunti zinaonyesha ndugu, wakaona taarifa za watu kama milioni 6.9. Machi 2025 kampuni yenyewe ikaomba ulinzi wa kufilisika. Kwa hiyo ingia kwenye mipangilio yako leo, soma ulikubali nini, na badilisha paswedi.

Na kama itafika hatua ya kuthibitisha kisheria, Tanzania kipimo cha uzazi kinafanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ombi linapitia kwenye mkondo unaotambulika kama mahakama, ustawi wa jamii au wakili. Mate ya Toronto hayaingii mahakamani Kisutu.

SWALI: Jambo mama. Niko Uvira. Natengeneza mti wa familia yetu kwenye intaneti, tuna watu Congo, Burundi, Rwanda na wengine Ulaya. Ile programu ina nafasi ya kujaza kabila la kila mtu na mahali anapoishi. Nijaze?
Papa wa watoto wanne, Uvira

JIBU: Jambo papa. Kwa walio hai usijaze, si kabila, si mtaa, si picha ya mtoto. Naandika hivi kwa uzito wote. Rwanda, Wabelgiji waliweka Hutu, Tutsi na Twa kwenye kitambulisho miaka ya 1930, kilichoonekana ni kazi ya makarani tu, na 1994 vitambulisho hivyo hivyo ndo vilivyoulizwa kwenye vizuizi vya barabarani. Orodha haijui itasomwa na nani baadae. Na wewe uko Uvira, unajua kuliko mimi jina la kabila linavyoweza kumponza mtu kwenye barabara ya huko hata mwaka huu.

Hao waliofariki zamani ni mambo mengine, na hata hapo angalia watoto wao wako wapi. Nakushauri uwe na mti mzima kwenye kompyuta yako au daftari, wa intaneti uwe na waliofariki tu, walio hai waandikwe "yu hai" basi. Jina la mama peke yake benki nyingi zinaliuliza kumtambua mteja, we unaliweka hadharani bure. Sheria ya Kenya ya kulinda data ya 2019 imeyahesabu majina ya wazazi, mwenza na watoto wa mtu kuwa taarifa nyeti, sawa na vinasaba na asili ya kikabila, na Tanzania nayo ina sheria yake ya 2022 ilioanza kutumika Mei 2023. Wale ndugu wa Ulaya wana sheria kali vilevile. Waulize mmoja mmoja, na anaekataa mwache.

SWALI: Mimi ni mtafiti wa nasaba. Ukoo mmoja wana kesi ya mirathi, kuna nyumba mji wa kale iliyoandikwa wakfu kwa kizazi cha mtu fulani na wao wanasema ni kizazi chake. Hawana hela ya kunilipa, wamesema nikithibitisha wanipe asilimia 10 ya watakachopata. Ndugu zangu wanasema ni bahati. Mwenzangu mmoja kasema ni haramu. Nipe neno.
Mtafiti, Mombasa

JIBU: Haramu na halali muulize shekhe wako, mi nakujibu la kazi. Usikubali.

Kwenye kesi hiyo wewe utakuwa shahidi. Utasimama mbele ya kadhi useme nimesoma hati ya wakfu, nimefuata kizazi kwa kizazi, na hawa ndo wao. Wakili wa upande wa pili atauliza swali moja tu, ukishinda unapata nini? Ukimjibu asilimia 10 ya nyumba, karatasi zako zote zinakuwa karatasi za mdai, hata kama kila kitu ulichoandika ni kweli. Unakuwa umewaharibia hao hao unaotaka kuwasaidia. Na hata ukiwa mtu mwaminifu kabisa, jiangalie moyoni, siku utakayokutana na karatasi inayoonyesha kwamba yule babu alikuwa na mtoto mwingine wa kike ambae kizazi chake hakimo kwenye kesi, na wako wanaishi Kilifi hawajui kitu, utaiweka mezani au utaikunja? Huyo binti ndo kipimo. Kwenye wakfu za pwani wanawake ndo wanaopotea kwanza kwenye shajara, kwa sababu wanaolewa nje na watoto wao wanabeba jina jingine, na hati nyingine iliwataja waziwazi tangu mwanzo. Mtafiti wa mirathi anatafuta warithi wote, waliomlipa na wasiomlipa.

Kuhusu hela kuna njia. Gawa kazi vipande. Kipande cha kwanza kiwe kidogo, kusoma hati yenyewe ya wakfu na faili lililopo kwa Makamishna wa Wakfu, uwape ripoti ya kurasa mbili ya kilichoandikwa na nani ametajwa. Bei yake iwe ya siku hizo tu, wachangishane, koo zinachangishana kwa harusi zitachangishana na kwa hili. Wakishaisoma wanaweza kuamua kama kuna haja ya kuendelea, na wengi wanagundua hapo kwamba hati inasema kitu tofauti na walichokuwa wanahadithiwa. Vipande vinavyofuata walipe kwa awamu, tarehe ziandikwe, na iandikwe kwamba wanalipa washinde wasishinde. Kama umewaonea huruma na unataka kuwasaidia bure, wafanyie bure kabisa na uliseme hilo kwenye ripoti. Ila kabla ya yote waulize kama kuna tawi la ukoo ambalo hawakulitaja, na uwaambie mapema kwamba ukilikuta utaliandika. Wakikunja uso kwa hilo, mwachie mwingine.